Kilio cha Robine ya Chini

Ninyi mnaofungua robine, koki ya maji, kwa vidole viwili na kuyaacha maji yakimbie huku mnapiga soga, kaeni kidogo. Sitawagombeza, nimezeeka kwa kazi hiyo. Nataka kuwaambia habari ya robine moja ya Kasongo iliyowekewa kilio kama mtu, enzi za Wabelgiji, na habari ya wamama waliolala kilio hicho. Mimi nilifukuzwa kazi kwa ajili yake. Nimefukuzwa kazi mara nyingi maishani, mara nyingine kwa haki kabisa. Ile ndiyo ninayojivunia.

Kwanza mjue ni nani anayewasumbua. Shule niliiacha mapema. Kwa mapadri kulikuwa na tangi la maji juu ya nguzo, na bomba lilishuka kutoka pale likazama ardhini nyuma ya darasa letu. Mwalimu alikuwa akitufundisha mito ya Ubelgiji. Mimi nilitaka kujua bomba lile linakwenda wapi. Siku moja nikalifuata, nachimba kidogo kwa kijiti, nafukia, nasogea, mpaka nikatokea jikoni kwa masista. Mpishi akanipiga mwiko wa mgongoni. Mwalimu naye akaningoja na fimbo yake. Nikaona afadhali niendelee mbele, kwa sababu sikuwa nimejua bado tangi lenyewe linajazwa na nini. Basi, miguu yangu haikupata kutulia tangu siku ile.

Salamabila nilifanya kazi ya mifereji, kule kwenye dhahabu. Dhahabu yenyewe sikuiona, walioiona walikuwa wengine. Mimi niliona maji. Tulichonga mifereji ya mbao kuyaleta maji kutoka mlimani yaje yaoshe mchanga, na kapita wetu, msimamizi wa vibarua, alikuwa na tabia ya kuyapigia maji kelele. "Pita huku! Nasema pita huku!" Maji yakapita kule. Sisi tukacheka, akatukata posho. Nilichojifunza pale ni hiki: maji yanatii mteremko peke yake. Ukitaka yaende mahali, piga magoti, uitazame ardhi kwa jicho moja, halafu chimba. Nilipochoka na Salamabila nikashuka Wamaza, nikakaa msimu wa mpunga, nikachoka na Wamaza. Ndivyo nilivyofika Kasongo, na ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa Fundi Ramazani.

Huyu Ramazani alikuwa mtu wa Kasongo hasa. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe akapendeza kama bwana harusi, siku nyingine alivaa kaptula ya askari ambayo sijui aliipata wapi. Kazi yake ilikuwa kutunza mabomba ya site, yaani mtaa wa watu weusi, maana kwa Wazungu kulikuwa na mtu mwingine. Nilimkuta njiani asubuhi, ameazima mchi wa kutwangia, ameusimamisha ardhini, sikio lake liko juu ya ncha yake. Mwenye mchi, mama mmoja, amesimama pembeni mikono kiunoni.

"Fundi, mchi wangu. Watoto hawajakula."

"Ngoja, mama. Bomba linasema."

"Linasema nini?"

"Linasema wewe una kelele."

Niliomba na mimi nisikilize. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akaniachia mchi. Nikasikia mvumo mdogo chini kule, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Hapo ndipo bomba lilipopasuka, maji yanaingia udongoni bila mtu kuyaona. Tukachimba, tukalikuta. Tangu siku ile nilikuwa kibarua wake. Nyinyi leo mna mashine. Hata hivyo jaribuni siku moja na mchi, asubuhi na mapema kabla pikipiki hazijaanza. Mtaona ardhi ina maneno mengi.

Msidhani nilianza kwa sifa. Kiungo cha bomba hufungwa kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi nyekundu nzito kutoka depo, ghala la serikali. Rangi ilipokwisha, nikajifanya mwerevu: nikapaka mafuta ya mawese. Yalishika vizuri ajabu. Jioni nikarudi nyumbani naimba. Asubuhi siafu walikuwa wamelikalia lile bomba kama harusi, wamekula mafuta, wameng'oa nyuzi moja moja, na njia nzima imekuwa tope. Ramazani hakunipiga. Alisema tu, "Weye umewapikia siafu. Sasa uwaoshee na sahani." Baadaye alinionyesha utomvu wa mpira wa porini, ule mweupe unaogeuka mweusi ukikauka. Siafu hawautaki. Kwa mpira wa ndani ya robine tulikata ngozi ya ndala zilizochakaa, tukailoweka kwenye mafuta siku nzima. Ndala ya mtu anayetembea sana ndiyo nzuri, imeshakandwa. Zangu zilikuwa nzuri kuliko zote.

Sasa robine yenyewe.

Mtaa wa Chini ulikuwa na robine moja, imesimama kwenye kiwanja karibu na njia ya kwenda sokoni. Serikali iliweka kompteri pale bomba linapoingia kiwanjani, saa ile inayohesabu maji, na kila mwezi ofisi ilisoma kompteri na kugawanya deni kwa nyumba zote. Nyumba iliyolipa ilipewa jeto, kijisahani cha bati chenye tundu. Mama alikuja na ndoo, anaonyesha jeto kwa mlinzi, anachota. Asiye na jeto arudi kijitoni, chini ya mteremko, kule ambako ng'ombe wa mabwana walikunywa na kufanya mambo mengine.

Jirani wa karibu zaidi wa robine ile alikuwa bibi kizee mmoja, Mwavita. Sisi wote tulimwita Tate, kama tunavyowaita wakubwa wanaotuzidi wazazi. Magoti yake yalikuwa yamevimba, mteremko wa kijitoni aliweza kuushuka, kuupanda hakuweza. Mume amekufa, watoto wamekufa, jeto hana. Mimi nilikuwa nampita kila siku nikimuona ameketi upande wa nyuma wa kiwanja, mahali ambapo hapana kitu. Sikujiuliza. Mimi ninayejiuliza kila kitu!

Siku moja mchi ukatuambia kwamba bomba linavuja upande ule ule. Tukachimba, nikafunga kiungo kwa utomvu, nikakisugua mpaka kikakauka kama mfupa. Nilijisikia mkubwa. Kesho yake Tate Mwavita alinijia na chungu kitupu akanirushia. Kama magoti yake yangekuwa mazima angenipata.

"Mwizi!"

"Tate, nimekuibia nini?"

"Kisima changu! Weye umekuja hapa jana, umekiziba. Iko wapi maji yangu?"

Kumbe maji yale yaliyovuja yalitokea kidogo kidogo kwenye shimo alilolichimba kwa mkono, akaliwekea jani la mgomba liwe mfereji. Alikuwa akikinga chungu kimoja toka asubuhi mpaka jua kichwani, na chungu kile ndicho kilichomweka hai. Nami nilikuwa nimeokoa maji ya mtaa mzima, na kumkausha mtu mmoja.

Hilo ndilo ninalotaka vijana wa mabomba mlishike. Wakubwa wanapenda sana kusema "msipoteze maji." Sawa. Lakini kabla hujaziba tundu, zunguka upande wa pili uone nani anakunywa pale.

Nilikaa chini. Aliyesema ni Mama Feza, mkaanga mikate wa njia ya soko, mwanamke mwenye mikono kama ya mbeba mizigo. Alikuwa ameacha karai lake na mafuta yanachemka ili aje asikie ugomvi.

"Sasa maji aliyokuwa anakunywa Tate, yamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Yamebaki kwenye bomba, mama."

"Na deni letu litashuka?"

"Litashuka kidogo, kompteri haitahesabu yale yaliyokuwa yanavuja."

"Basi kilichoshuka ni cha Tate. Hapana chetu." Akawageukia wenzake waliokuwa kwenye foleni. "Ama namna gani, wamama?"

Wengine walikubali, wengine wakaguna, maana hakuna aliyekuwa na ziada. Hapo Mama Feza akatazama chini ya robine. Kila ndoo ikijaa, maji humwagika kidogo, na chini pale palikuwa na dimbwi la miaka yote, bata wanaoga. Akaniambia, "Weye si ulikuwa fundi wa mifereji ya dhahabu? Yapeleke haya kule." Akanionyesha kiwanja kitupu cha nyuma.

Nikapiga magoti, nikaitazama ardhi kwa jicho moja. Nikachimba mfereji, wamama wakalima matuta, wakapanda lengalenga na bilolo. Kwa zamu, kila aliyechota alipalilia kidogo kabla ya kujitwika ndoo. Mboga zikaota hata kiangazi, wakati ambapo soko zima lilikuwa na sombe, majani ya mihogo, peke yake. Ziliuzwa, na kilichopatikana kiliwalipia jeto wale wasioweza, Tate Mwavita wa kwanza. Siku alipopewa jeto lake alilitia kwenye uzi akalivaa shingoni. Mlinzi akamwambia, "Tate, ninakujua, hapana lazima kulionyesha." Akajibu, "Siku zile ulikuwa unanijua pia. Angalia!" Akamsogezea bati mpaka puani.

Dimbwi likakauka, mbu wakapungua, hakuna tone lililopotea. Ungedhani serikali ingefurahi.

Kulikuwa na Mzungu mmoja wa mambo ya usafi. Jina lake halisi silitaji, sisi tulimwita Bwana Mbu, kwa sababu aliingia katika nyumba za watu kuchungulia mitungi kama ina viluwiluwi. Akifika, wamama walifunika mitungi na kufunua midomo. Siku hiyo alikuja na polisi mmoja, akasimama mbele ya matuta, akauliza kwa Kiswahili chake kinachokatika:

"Nani alitoa ruhusa ya shamba hii?"

Mama Feza akatoka kwenye foleni. "Hakuna shamba, Bwana. Ni mboga."

"Maji ya serikali. Mboga inakunywa maji ya serikali."

"Maji haya yamekwisha kupita kwenye kompteri, Bwana. Sisi tumeyalipa. Yakiingia ndoo ni yetu, yakimwagika ni yetu vilevile. Ama tuyakusanye tuwarudishie?"

Watu wakacheka, na Bwana Mbu hakupenda kuchekwa. Akasema shamba litang'olewa, na robine itafungwa mpaka mtaa ujifunze heshima. Akaniita. Ufunguo wa vane, ile inayokata maji chini ya ardhi, nilikuwa nao mimi: chuma kirefu kama mkono, kina msalaba juu.

"Funga."

Tate Mwavita alikuwa pale na chungu chake, jeto shingoni. Niliutazama ule ufunguo. Nikamwambia, "Bwana, mimi kazi yangu ni kuleta maji. Ya kuyafukuza sikufundishwa." Nikauweka chini, mbele ya viatu vyake.

Msinione shujaa. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, na mgongo wangu umeulipia mara nyingi. Bwana Mbu akauokota mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe, akafunga. Robine ikakohoa, ikatoa uzi mwembamba wa maji, ikanyamaza. Akamkabidhi Ramazani ufunguo aurudishe depo, akaenda zake. Polisi akabaki nyuma akiona haya. Ramazani akauficha chini ya kanzu yake, maana ilikuwa Ijumaa, na depo siku hiyo haikuuona.

Tulibaki tumesimama. Mtu mmoja akasema, "Imekufa." Alisema hivyo hivyo tu, kama unavyosema juu ya taa.

Tate Mwavita akatandika kitenge chake chini ya robine, akajinyoosha juu yake, akakunja mikono kifuani. "Imekufa, na mimi niko nyuma yake. Nikishuka kijitoni sitapanda tena. Mnilie sasa, nikiwasikia, nijue nani ananipenda."

Fundi Ramazani akakasirika. "Tate, kilio hapana mchezo! Unaita kifo kwa jina?"

"Kimeletwa na yule aliyefunga. Mimi nimekitandikia tu."

Mama Feza akasogea pale alipolala Tate. Akafungua kilemba chake, akakifunga kiunoni kama wafiwa, akaketi chini, akapiga yowe. Mnalijua yowe lile. Likipigwa kwetu, anayelima anaacha jembe, anayekula anaacha kula. Wamama wa foleni wakalipokea. Likapanda mtaa wa Juu, likavuka soko.

Sasa lazima niwakumbushe kitu, kwa sababu ninyi mnakwenda kwenye kilio saa moja, mnakunywa soda, mnarudi. Zamani zile kilio kilikuwa kilio. Watu walihamia pale na mikeka yao. Kazi ilisimama. Na asiyefika bila sababu, jina lake lilianza kuzungushwa polepole: mbona fulani haonekani? Ana nini moyoni? Anaogopa kumwona maiti kwa nini? Kwa sababu anayemwogopa maiti ni yule aliyemuua. Hakuna mtu wa Kasongo, Mwislamu wala Mkristo, aliyetaka jina lake lizungushwe hivyo.

Basi wakaja. Walikuja wapishi wa Wazungu na aproni zao, mafundi cherehani, wabeba mizigo wa magari, karani wa posta na kalamu sikioni. Kila mmoja alifika mbio akiuliza nani amekufa, akaambiwa, akataka kucheka au kukasirika, kisha akamwona Tate Mwavita amelala pale macho wazi anamtazama yeye mwenyewe, akaketi. Walileta maji ya kijitoni na kuni na mihogo, kama desturi. Wimbo ukatungwa hapo hapo, siwezi kuwaandikia wote, ulikuwa na matusi.

Kesho yake kwa Wazungu hakuna aliyepika kahawa. Hakuna aliyefua. Bwana Mbu akatuma polisi watutawanye. Walikuja watatu, mbele yao yule yule wa jana. Akafika kwenye ukingo wa mikeka, akafungua kinywa. Sauti ya mwanamke ikatoka katikati:

"Kalonda! Unaingia kwenye kilio na kofia?"

Alikuwa mama yake mzazi. Polisi akavua kofia. Na mwanamume akishavua kofia kwenye kilio anaketi, hakuna njia nyingine. Akaketi. Wale wawili wakatazamana, wakavua.

Jua lilipopanda akaja Bwana Mkubwa wa teritwari, mkuu wa wilaya nzima, kwa miguu, maana dereva wake alikuwa kwetu. Aliona umati, akaona kikongwe amenyooshwa chini, akavua helmeti yake papo hapo. Nadhani ndivyo wanavyofanya kwao. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

"Robine, Bwana," tukajibu wote.

Akamwelekezea kidole Tate Mwavita. "Na huyu?"

Tate akainua kichwa. "Mimi bado. Tulikuwa tunakungoja."

Uso wa mtu yule ulikuwa mwekundu, ukawa mweupe, ukarudi mwekundu. Kuvaa helmeti mbele ya watu wote waliomwona akiivua, hakuthubutu. Mama Feza akainuka, akamweleza kila kitu bila kupiga magoti: kisima cha jani, mboga, jeto. Halafu akasema, "Kwetu tunatazama nani hayuko kwenye kilio. Askari wako iko. Mpishi wako iko. Wewe mwenyewe umekuja, asante. Hesabu, Bwana. Nani hayuko?"

Bwana Mkubwa aligeuka akatazama barabara iliyokuwa tupu, ile ya kwenda kwa Bwana Mbu. Sijui aliogopa desturi au kahawa yake. Akasema, "Fungueni."

Ramazani akautoa ufunguo, akanipa. Nikaingia shimoni, nikazungusha. Robine ikakohoa tena, ikatapika kutu, kisha maji. Tate Mwavita alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Nilidhani yamekwisha. Nilipotoka shimoni nilimkuta Mama Feza ameninyooshea mkono.

"Leta."

"Nini, mama?"

"Kilio hakiishi bila kuzika. Watu wamelala hapa. Tutawaambia nini, warudi hivi hivi?"

Bwana Mkubwa alikuwa bado anaonekana njiani, mgongo wake. Nikampa. Wakauvingirisha ule ufunguo katika kipande cha kaniki, wakauchimbia shimo katikati ya lengalenga, wakaufukia, wakasawazisha tuta. Kalonda polisi alitazama upande mwingine, anakung'uta kofia yake kwa makini sana.

Depo ilipotaka ufunguo nilisema umepotea mikononi mwangu. Nikafukuzwa, na kidogo nifungwe. Ramazani alinisindikiza mpaka njia ya Kabambare na kunipa utomvu kwenye chupa. "Wakiagiza mwingine," akasema, "utatoka Ulaya kwa meli, na meli inakwenda polepole." Hatukuonana tena.

Nilizunguka kwingi. Niliporudi Kasongo, bendera ilikuwa ingali ya Wabelgiji, lakini Tate Mwavita alikuwa ameshazikwa, kwa kilio cha kweli safari hii, na jeto shingoni, ndivyo walivyonieleza. Robine ilikuwa inatoa maji. Matuta yalikuwepo. Binti wa Mama Feza alikuwa akipalilia zamu yake, mikono ile ile ya mama yake. Hakunijua. Nikazungukazunguka kwenye lengalenga, napima kwa macho.

"Baba, unakanyaga mboga za watu. Unatafuta nini?"

"Kulikuwa na ufunguo hapa," nikasema.

Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akatua macho kwenye ndala zangu.

"Ufunguo gani?" akasema, huku akisawazisha tuta kwa mguu, na akachukua chupa yangu ya maji akaenda kunijazia.